Taka Niliyoinunua kwa Kata ya Pumba

Swafiya mwanangu,

Salamu sikupi, maana tumeamkiana asubuhi, na hiyo shikamoo yako uliitoa ukitazama ukuta. Nikakuitikia marahaba hivyo hivyo. Sasa umekwenda Junda kuwaaga shangazi zako, mwanao amelala, nami nimeketi hapa ukumbini na bega langu la kushoto linanuka cheuo. Nimelisugua kwa sabuni, nikalisugua tena kwa ndimu, bado linanuka. Maziwa yakishaingia tumboni mwa mtoto yakatoka upya, hakuna sabuni inayoyaweza.

Kesho mnapanda treni kwenda kwa mumeo Nakuru. Sitakuandikia habari za kumfunika kichwa kwa ile baridi, wala za uji wake sasa anapoanza kula. Hayo unayajua, na usiyoyajua utayasoma kwenye simu yako, ambayo unaiamini kuliko mimi. Nataka kukueleza ya jana tu. Kukueleza uso kwa uso siwezi, kwa sababu kila nikifungua mdomo hutoka kitu kingine.

Jana walikuja majirani kukuaga. Ukamtoa Imran chumbani umemvika lile vazi la manyoya lenye masikio ya sungura, na Mishomoroni nzima inatoka jasho. Ukaleta na keki. Kila mwezi keki, tangu alipotimiza mmoja mpaka jana alipotimiza sita, na mwenye keki hana hata jino! Ukampaka ile krimu mdomoni ili umpige picha, nzi wakaja, na watu wakaanza: mzuri huyu, mnene huyu, macho yale, mashavu yale. Mwenye duka la pembeni akamwinamia akambusu, na mdomo wake una mabaki ya ile muguka anayotafuna mpaka kwenye fizi. Ndipo nikasema.

"Mtoto gani huyu? Kichwa kama kifuu, ananuka kama gunia la papa. Mwondoeni hapa, ananitia kinyaa."

Mgeni mmoja akacheka kidogo, akaacha. Wewe ukambeba mwanao ukaingia naye ndani, hukutoka tena mpaka wageni walipoondoka. Baadaye nilikuletea maji ya kumwogesha, nikafika mlangoni, nikakusikia ukizungumza na mumeo kwenye simu.

"Mama hampendi Imran. Hata mimi hajawahi kunipenda. Nikitoka hapa kesho kutwa, huyu mtoto simrudishi tena."

Nikayaweka maji pale chini, nikarudi jikoni. Ndoo ile ulipoikuta imepoa ulidhani nimeisahau.

Sasa nisikilize. Mimi ni mtu wa kinyaa, hilo sikatai, ndivyo nilivyoumbwa. Sili chakula cha watu nisiowajua jikoni mwao. Nikipewa kikombe hukizungusha ninywee upande wa mkono wa kushoto, kwa kuwa watu wengi hunywea kulia. Marehemu babako alikuwa akirudi kutoka kupakua mizigo Changamwe, namsimamisha uani anavua kila kitu kabla hajavuka kizingiti. Alikuwa akisema ameoa mkaguzi wa afya. Kwa hiyo fikiria mtu kama mimi kupewa mtoto mchanga.

Watu husema mtoto mchanga ana harufu ya peponi. Wallahi wewe ulikuwa unanuka. Kile kipande cha kitovu kilipokuwa kikikauka kilinuka kama kitu kilichosahaulika kabatini. Ulikuwa na mikunjo shingoni, na kila nikiifungua nakuta maziwa yamegandia humo, meupe, yamechacha. Na ngumi zako! Nilikuwa nakufungua kidole kimoja kimoja, nakuta uchafu wa kijivu katikati ya vidole, na mpaka leo sijui uliutoa wapi, maana hukuwa umeshika kitu chochote duniani. Nilikuwa nachukizwa, na nilikuwa sichoki kufungua. Mara nyingine nilikuwa nakufungua vidole wakati vimeshasafishwa, natafuta tu.

Lakini sio kinyaa hicho ninachotaka kukueleza. Kipo kingine, nacho nilipewa.

Kabla yako niliwazaa wawili. Unawajua kwa majina, unawaombea dua, ila sijawahi kukwambia walivyokuwa. Walikuwa wazuri, na mimi nilikuwa msichana mjinga mwenye mdomo. Nilikuwa nawapeleka nyumba hadi nyumba. Tazameni macho yake, tazameni nywele, mpakateni muone uzito. Wote wawili walikuwa na afya, na wote wawili walipata homa, na hakuna hata mmoja aliyefika kukaa kitako. Hospitali waliniambia sababu yao, na huenda ndiyo. Nyanyako, mama wa babako, alikuwa na sababu yake: jicho la watu.

Wewe ulipozaliwa hakunipa nafasi ya kujibu. Alikuja na ungo, akakulaza ndani yake bila hata kitambaa, akatoka nawe kupitia uani mpaka kwenye jaa lililokuwa nyuma ya nyumba, hapo ambapo sasa pamejengwa zile nyumba za kupanga. Mimi nilisimama dirishani nimejishika tumbo. Jaa lenyewe lilikuwa na majivu, vifuu, matumbo ya samaki, na paka aliyekufa siku mbili zilizopita. Nyanyako akakuweka hapo, hatua chache kutoka kwa yule paka, akageuka akarudi bila kutazama nyuma. Nilitapika, mwanangu. Nilitapika dirishani kama mlevi.

Mama Kadzo, jirani yetu, ndiye aliyekuwa ameambiwa apite. Alikuwa mtu wa kanisani, na mambo haya aliyaona ya kijinga, lakini alikuwa ametuona tukizika wawili. Alikuokota na ungo wako, akaja mlango wa mbele kama mchuuzi.

"Hodi humu! Nimeokota taka jaani. Mwainunua?"

Nyanyako akanisukuma kiwiko. Nilitakiwa kusema kwa sauti, majirani wasikie.

"Taka yenyewe inanuka," nikasema. "Nitakupa kata ya pumba, zaidi ya hapo kaitupe tena."

Akapokea pumba za kuku, nami nikakupokea wewe. Hivyo ndivyo nilivyokupata. Jina la Swafiya babako alikwisha kukupa, alikunong'oneza sikioni pamoja na adhana, lakini tuliambiwa tusilitamke. Ulikuwa unaitwa Jaa. Na masharti nyanyako aliniambia siku ile ile, nikiwa bado sijakauka machozi. Mpaka mtoto akae kitako mwenyewe bila kushikwa, ni taka. Taka haibusiwi mbele ya watu, haisifiwi, na ikilia mbele ya mgeni haikimbiliwi. "Ukionyesha ni chako unakitaka," alisema, "utanyang'anywa."

Unataka kuniuliza kama niliamini. Mpaka leo sijui. Najua tu kwamba wawili niliowasifu nimewazika, na mmoja niliyemtukana amekwenda Junda kuaga shangazi zake.

Basi nikawa nakutukana. Mwanzoni ilikuwa tabu, maneno yalinipalia. Kisha nikazoea, na kwa kuwa kinyaa ninacho cha kuzaliwa, nikawa hodari. Uvundo we. Nani kaniletea uvundo huu? Wageni wakija, nakufunua uso kwa ncha ya kidole, nakunja pua. Wakishaondoka nafunga mlango, nakulaza mapajani na kukutazama mpaka chakula kinaungua. Utosi wako ulikuwa unapiga kama kitu kilicho hai peke yake chini ya ngozi. Nilikuwa nauogopa. Nilikuwa naweka kiganja juu yake bila kugusa, nahisi joto lake.

Mwezi wa pili ulipokuwa unaelekea kwisha, nilikuwa nakubadilisha nepi, ile ya kitambaa, na ndani mlikuwa na jambo ambalo sitalieleza kwenye barua. Nikakwambia kwa hasira ya kweli kabisa, "Uvundo we!" Ukanitazama. Mdomo ukaenda upande mmoja, ukarudi, kisha ukafunguka wote na fizi zikaonekana. Nilidhani ni gesi. Nikarudia, "Uvundo we." Ukacheka tena, mpaka miguu ikapiga ile nepi na mikono yangu yote ikachafuka. Nikakaa pale na mikono michafu, nalia, nakutukana, nawe unacheka.

Kutoka hapo lilikuwa neno lako. Shingo ilipokaza ulikuwa unageuka ukilisikia kutoka jikoni. Ulipogundua mkono wako, ukawa unaukodolea macho kana kwamba umetumiwa kutoka Ulaya, nikisema "uvundo we" unauacha mkono na kunitafuta mimi.

Sasa nifike kwenye kile kinachonichukiza kuliko cheuo na kuliko paka wa jaani. Ninajichukiza mwenyewe ninapokikumbuka.

Palikuwa na mama mmoja, Bi Zena, amepanga nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alikuwa mtu wa Likoni, wa Timbwani, mwenye Kiswahili cha zamani, na hakujaliwa mtoto. Alikuwa anapenda watoto waziwazi, bila haya. Watu walimsema ana jicho. Akipita, akina mama walifunika watoto wao kwa kanga. Mimi pia. Siku moja alikuja kutuona, amekuletea sabuni ya maji ya rangi ya waridi, nami sikuweza kumkatalia mlango. Nikamkaribisha chai. Wewe ulikuwa kitandani, pale pale ukumbini, kile kitanda cha kamba, na wiki ile ulikuwa umeanza kujigeuza. Mama Kadzo aliniambia nikuwekee mito, nami nilikuwa nimeweka upande mmoja tu.

Ulijigeuza ukaanguka. Ulishuka kwa kisogo kwenye sakafu ya simenti, nikasikia ule mlio. Kwanza hukulia. Kisha ukavuta pumzi ndefu ukalia, na ulikuwa unanitazama mimi, umelala chini chali, mikono imenyooshwa juu.

Na mimi nilikaa, Swafiya. Nilikuwa nimeshika birika. Nikasema, "Muache huyo, taka haivunjiki." Nikaendelea kumimina chai. Kikombe kilijaa kikamwagika sahanini, sahani ikajaa, chai ikaniingia mapajani ya moto, nami bado namimina kwa kuwa nilijua nikiiweka chini ile birika miguu itanyanyuka yenyewe. Na yule mama nilikuwa namtabasamia.

Bi Zena alinitazama, akakutazama wewe pale chini. Hakukugusa. Akasimama, akajitanda buibui lake vizuri.

"Mimi nenda zangu, mwanangu," akasema. "Mtukue mwanao." Kwa Kiswahili chake, nikuchukue.

Akatoka. Chai yake ilibaki kama ilivyo. Alifunga mlango nyuma yake, akauvuta mpaka kitasa kikalia, ili nisikie kwamba amekwisha kwenda. Alijua. Alijua yote tuliyokuwa tunamfikiria, alijua kwa nini nimekaa, akaondoka ili mimi nipate kukuokota.

Ulikuwa na uvimbe wa ukubwa wa ndimu. Ulipona. Bi Zena alihama kabla ya Ramadhani, akarudi kwao, sikumfuata kumwomba radhi. Nilimwona mara moja tu, miaka mingi baadaye, kwenye foleni ya feri. Nikamwamkia. Akaniitikia vizuri kabisa, akauliza, "Ile taka yako haijambo?"

"Haijambo, Bi Zena. Iko darasa la nne."

"Alhamdulillahi," akasema, kisha akasogea akasimama mbali nami kidogo, kwa kuwa nilikuwa na mtoto wa jirani mkononi. Unaona tulichomfanya yule mama? Kilikuwa kimemwingia mwilini mpaka anajifungia mlango mwenyewe.

Mwezi wa sita ulikaa. Hukukaa vizuri, ulikuwa umeinama mbele kama mzee anayetafuta kitu alichoangusha, lakini hakuna aliyekushika. Nyanyako akaja, akakuzunguka, akasema haya, sasa ni wako, mwite jina lake. Siku hiyo nilikuwa nimeingoja kama watu wanavyongoja mwandamo. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu yote. Nikapiga magoti mbele yako nikasema, "Swafiya. Swafiya, kipenzi cha mama."

Ukatazama nyuma yangu. Ukatafuta ni nani anayeitwa. Kisha ukanitazama usoni na mdomo wa chini ukaanza kutetemeka, kama unavyotetemeka mtoto akishikwa na mgeni, ukaangua kilio. Nikakubembeleza kwa maneno mazuri, ukazidi. Ukajirusha nyuma, uso ukawa mwekundu. Mwishowe nikachoka nikasema, "Basi, uvundo we." Ukanyamaza hapo hapo. Ukacheka na machozi yako usoni.

Hapo ndipo nilipokosea. Ningekuwa na subira wiki moja, hata mbili, ungejifunza na lile neno jingine. Nilikuwa na njaa ya kicheko chako, nikachukua njia ya mkato. Nikasema nitalianza kesho, na kesho yake vilevile, mpaka ukaingia shule na likawa limenikaukia. Ulipoleta kile cheti cha kuwa wa kwanza nikakuuliza umeiokota wapi karatasi chafu hivi. Siku ya harusi yako nikakwambia umepakwa rangi kama ukuta wa hoteli. Watu walicheka, wewe ukaenda kujiosha uso ukapakwa upya. Nilikuwa nimekutazama kwenye kile kiti cha bibi harusi ukanitisha kwa uzuri, mwanangu, nikaogopa kama nilivyoogopa dirishani siku ile ya ungo. Lakini hayo hukuyasikia. Ulisikia ukuta.

Miezi hii sita tangu ulipozalia hapa na kukaa nami nimekuona ukimpa Imran kila neno zuri lililopo, na mengine ya Kizungu juu. Kila asubuhi picha, kila jioni picha, watu tusiowajua wanamtumia mioyo. Nilichukia, usinitake niseme uongo, na zile keki nitazichukia mpaka kufa. Lakini pia nilikuwa nakaa pale jikoni, nachungulia, nashangaa mtu anawezaje kusema hivyo mchana kweupe na mlango uko wazi.

Sasa jambo moja nililokuficha. Ile siku uliyopiga kelele ukasema Imran amecheka mara ya kwanza, ukamrekodi, ukamtumia babake? Haikuwa ya kwanza. Ya kwanza ilikuwa siku tatu kabla, ulipokwenda kuoga. Alikuwa amejichafua mpaka mgongoni. Nikamnyanyua kwa vidole viwili vya kila mkono, nikamwambia lile neno lako. Akacheka vile vile kama wewe, mdomo ulianza upande mmoja. Nilinyamaza kwa kuwa nilijua utanichukia kwa neno lenyewe. Tangu hapo tunacheka kila ukienda kuoga. Ndiyo maana nilikuwa nakuhimiza ukoge sana, ukadhani nakuona mchafu.

Ukisema humrudishi, sina la kukulazimisha. Ni mwanao, hukumnunua kwa pumba. Ila nakuomba kitu kimoja. Kesho majirani watajaa tena hapo mlangoni kabla gari halijaja kuwapeleka stesheni, na yule wa muguka atakuwepo na mdomo wake. Mbele yao wote nipe mtoto. Nitanyoosha mikono, usinipite. Nataka nimshike wakitazama, na wenye macho ya namna yoyote watazame wanavyotaka. Akilia nitakuwa nimekwisha kumshika.

Neno zuri huenda lisitoke. Nimelijaribu tangu ulipoondoka, hapa peke yangu, na sauti inatoka kama ya mtu mwenye homa. Basi nikisema uvundo we, usinitazame mimi. Mtazame mtoto.

Mamako